Kanyaga, Shika, Achia

Klabu ya magari ya zamani ya Alkali Boys ina sheria mbili tu, na zote mbili zilitungwa na vijana ambao sasa, wale waliobaki, wanatembelea mkongojo. Ya kwanza: gari lionekane vile ambavyo lingeonekana mwaka hamsini na tatu. Ya pili: gari lije kwa magurudumu yake. Mtu akileta gari lake limebebwa mgongoni mwa gari jingine, anaegeshwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, na kwenye kioo chake cha pembeni wanamfungia chupa ya maziwa ya mtoto mchanga, na chuchu yake. Watu wanacheka, naye anacheka nao, lakini siku hiyo chakula hakimshuki vizuri.

Lavonne Pruitt alifungiwa chupa hiyo akiwa na miaka sabini.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Harlan: Ford ya mwaka thelathini na mbili, jeusi, lisilo na paa, limeshushwa mpaka tumbo lake linakaribia lami, na mbele limetiwa mashine ya Mercury inayonguruma kama simba aliyeshiba. Harlan alianza kulijenga uani kwake Lancaster kabla hata hawajaoana, kutokana na mabaki aliyoyaokota kwenye majalala. Kwa miaka zaidi ya arobaini gari hilo liliegeshwa mstari wa mbele kwenye mkutano wa klabu, kule Bakersfield ng'ambo ya mlima, nafasi ya tatu kutoka langoni. Harlan alipofariki, watu wa klabu waliiacha nafasi ile wazi kwa heshima yake. Lavonne akasema hapana, nafasi si kaburi, gari litakuja na atalileta yeye.

Akalileta. Lakini kwenye mteremko wa Tehachapi, baada ya kukanyaga breki maili tatu mfululizo, alisikia mguu unazama kama mtu anayekanyaga uji. Breki zilikuwa za dramu, zile ngoma za tangu zamani zinazobanwa kwa ndani na viatu vya chuma, na dramu zikipata moto sana zinasahau kazi yake. Mbele yake kulikuwa na lori la karoti. Lavonne hakupiga kelele. Alikata kulia, akaingia kwenye ile njia ya kokoto waliyowawekea madereva wa malori walioshindwa kufunga breki, na gari likazama mpaka kwenye ekseli. Halikupata hata mkwaruzo. Ila liliingia Bakersfield limebebwa, na chupa ikafungwa.

Aliyeifunga alikuwa Delmar Quist, mwenye lango. Delmar na Harlan walikuwa kama ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana mpaka leo anamwita Lavonne shemeji. Alimwambia sheria haina mjane wala yatima, akafunga mafundo mawili. Lavonne hakumlaumu. Angefungiwa fundo moja ndiyo angekasirika.

Chupa akaiweka kwenye dirisha la jikoni, mahali anapoosha vyombo. Mwaka mzima akawa anaitazama kila asubuhi. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, naye alikijua vizuri: kurudi pale nafasi ya tatu, kwa magurudumu yake, akiendesha mwenyewe. Watu walimshauri aliuze gari. Wengine walimshauri ampe kijana yeyote aliendeshe. Aliwapa kahawa, wakanywa, wakaenda zao.

Fundi aliyemwendea ni Chuy Arredondo, mwenye gereji pale barabara ya Sierra. Chuy ana miaka arobaini na kitu, na mikono yake haijawahi kutakata tangu Lavonne amjue. Alilitazama gari, akazunguka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, kisha akasema bila kuzunguka kwamba mlima ule na dramu zile ni kutafutana na kifo. Za nyuma zinaweza kubaki, alisema, lakini mbele lazima ziwekwe diski, zile sahani za chuma zinazobanwa kwa nje.

Lavonne akamwambia diski ni za magari ya leo. Delmar akiziona, gari linakwenda nyuma kwenye vyoo vilevile.

"Basi tutafute diski zinazojua kuvaa," Chuy akasema.

Wiki tatu baadaye alimwita. Alikuwa amepanga vitu vya aina tatu juu ya meza, kama muuza samaki anavyopanga fungu. Lavonne akavuta kigoda, akakaa. Hakuwa na haraka. Mtu aliyeishi na Harlan Pruitt miaka arobaini na nane anajua kwamba kitu cha gari hakinunuliwi kwa macho peke yake.

Fungu la kwanza lilikuwa diski za kisasa, pana, zenye matundu, na kalipa, lile koleo la kuibana diski, nyekundu kama rangi ya mdomo. Chuy alisema hizo zinaweza kusimamisha treni. Lavonne akasema zinafaa gari la daktari wa meno, akazisogeza pembeni.

Fungu la pili lilikuwa diski nene, ndogo, mfano wa zile za magari ya mashindano ya miaka ya hamsini. Hizi zilikuwa nzuri. Zilikuwa za zamani kweli kwa sura, na hata Delmar asingekuwa na la kusema. Lavonne alizishika muda mrefu, akazipapasa, akauliza kalipa yake inabana kwa vidole vingapi vya kusukumia. Kimoja, Chuy akasema. Akauliza tena, mguu wa kuzikanyaga uwe na nguvu kiasi gani. Chuy akakuna shingo. Akakiri kwamba zinataka mguu wa kijana.

"Unauona mguu huu?" Lavonne akasema, akaunyoosha mbele yake na soksi yake ya kubana. "Endelea na fungu la tatu."

La tatu, ukilitazama, lilikuwa dramu. Dramu ya alumini, pana, yenye mapezi kuizunguka pande zote kama zile za Buick ambazo vijana wa zamani walikuwa wakiuana kuzipata. Lakini Chuy alipoigeuza upande wa ndani, kumbe lilikuwa kopo tu, vazi, na ndani yake imejificha diski na kalipa yake ya vidole viwili. Lavonne alitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likatoweka, akauliza swali moja.

"Upepo unaingilia wapi?"

Chuy akamwangalia. Baadaye alikuja kuwasimulia watu kwamba katika wateja walioulizia makopo yale, wengine wote waliuliza yanang'aaje, na mmoja tu ndiye aliyeuliza upepo. Alimwonyesha: kwenye bamba la nyuma kulikuwa na mdomo, umefunguka kuelekea mbele, na wavu mdogo wa kuzuia mawe. Upepo unaingia pale, unapita kwenye diski, unatokea kati ya mapezi.

"Hizo," Lavonne akasema.

Akatoa sharti moja. Masta silinda iliyo chini ya sakafu, ile inayosukuma mafuta ya breki, aliifunga Harlan, na mabomba yote aliyakunja kwa mkono wake, bomba baada ya bomba, na kila kona ya mabomba yale ni ya kupigwa picha. Yasiguswe. Chuy akasema sawa, mama. Akafunga diski mpya kwenye mabomba ya zamani, asiguse kitu.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa, wala si la Chuy.

Asubuhi ya kulijaribu, Lavonne aliliendesha mwenyewe kwenye barabara tambarare inayokata mashamba ya vitunguu. Maili ya kwanza alikuwa anaimba. Maili ya nne akasikia gari linakuwa zito, kama vile kuna mtu ameng'ang'ania nyuma. Maili ya sita, harufu: ile harufu kali ya kitu kinachoungua bila moshi. Akasimama, akashuka, akasogeza kiganja kwenye gurudumu la mbele. Hakulifikia. Joto lilimpokea njiani.

Alirudi gereji mwendo wa konokono. Chuy akafungua, akaona pedi zimebana diski wakati hakuna aliyekanyaga kitu. Uso ukamshuka. Alisema hizi breki mbovu, amepewa takataka, atazirudisha. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba zimebaki siku tisa kufika mkutano, na kwamba huenda mwaka huu mama akubali tu gari libebwe. Wapo watu wazima wengi wanaoleta magari yao yamebebwa.

Lavonne akachukua mkoba wake. Alikwenda nyumbani, akaosha vyombo, macho yake yakiwa kwenye chupa.

Ilimjia akiwa ameshika sufuria. Ilikuwa mwaka themanini na nne, mwezi wa joto, Harlan amelala chini ya gari na yeye Lavonne amekaa kwenye usukani. Kila Harlan alipotengeneza breki, mguu wa kukanyaga ili hewa itoke kwenye mabomba ulikuwa wa Lavonne. Kanyaga, Harlan anasema kutoka chini. Shika. Achia. Kanyaga. Shika. Achia. Mchana mzima. Siku ile Harlan alikuwa amefunga masta silinda nyingine, na akatia kitu kingine kwenye bomba, kitu kidogo cha shaba. Lavonne alimwuliza ni nini. Harlan akamwambia ni valvu ya kubakiza nguvu kidogo ndani ya bomba hata ukiachia mguu, ili viatu vya dramu visirudi mbali. Inabakiza paundi kumi, alisema. Bila hiyo kumi, dramu zinachelewa kushika.

Dramu zinataka kumi. Lakini diski je? Diski haina viatu vya kurudi mbali. Diski ukiibakizia kumi umeibana usiku na mchana.

Alizima bomba la maji, akafuta mikono.

Kesho yake alifika gereji kabla haijafunguliwa. Alimwambia Chuy habari ya ile valvu, akamtaka amletee kile kibao cha magurudumu ambacho mafundi wanalalia kuingia chini ya gari. Chuy akasema mama, niambie tu iko wapi, nitaitafuta mimi. Lavonne akasema angekuwa anajua iko wapi angemwambia. Mkono ndio utakaojua. Kulikuwa na wateja wawili wanangojea matairi, wakageuka kutazama. Alilala chali taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine, akajisukuma chini ya gari la mumewe, lililokuwa limeinuliwa kwa jeki, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Miaka yote alikuwa juu.

Alipapasa mabomba moja moja. Nyuma ya ubavu wa fremu, mahali ambapo jicho halifiki, vidole vyake vikagusa uvimbe mdogo. Harlan alikuwa ameupaka rangi nyeusi pamoja na fremu nzima ili usionekane, kwa sababu aliona shaba inaharibu uzuri wa kazi yake. Hata fundi mwenye macho angedhani ni kiungo cha bomba tu.

"Nimeipata," Lavonne akasema kutoka chini. "Iko hapa, imejificha kama mwenyewe alivyokuwa akificha biskuti."

Chuy akaingia upande wa pili, akaangaza tochi, akaona. Kisha akasema, kwa heshima, kwamba ili kuitoa itabidi wakate bomba la Harlan.

Hilo lilimchoma Lavonne, hatudanganyi. Alibaki pale chali, akiutazama ule mkunjo mzuri wa bomba, na vumbi la miaka linamwangukia kwenye nywele. Alifikiri ni kitu gani Harlan angependa zaidi, bomba lake zima au mkewe mzima. Hakufikiri sana.

"Kata," akasema. "Ila kata pazuri."

Wakaitoa valvu ya kumi. Kwa kuwa masta silinda iko chini ya sakafu, Chuy alieleza, diski haziwezi kukosa valvu kabisa. Zinataka mbili tu, ili mafuta ya breki yasirudi nyuma. Akatia valvu ya mbili. Harlan alikuwa ameacha nyingine ya kumi kwenye bomba la dramu za nyuma, hiyo wakaiacha na kazi yake. Halafu ikaja zamu ya kutoa hewa, Lavonne akapanda kwenye usukani bila kuambiwa. Kanyaga, Chuy akasema kutoka chini. Shika. Achia. Sauti haikuwa ileile, lakini mguu ulikuwa uleule. Mara hii Lavonne hakukubali ile valvu mpya ipakwe rangi. Aliiacha shaba ing'ae.

Usiku wa kuamkia safari, kabla ya kulala, alifanya jambo moja zaidi. Kila gari la mkutano linawekewa kadi kwenye kioo, inayosema ni gari gani na nani alilijenga. Kadi ya Harlan, ya mwandiko wake mwenyewe, ilisema: Mjenzi, Harlan Pruitt. Lavonne alilishonea gari hilo viti mara mbili. Alisugua kutu. Alikanyaga, akashika, akaachia, miaka arobaini na nane. Hakuwahi kuona vibaya kwamba jina lake halimo, ndivyo kadi zilivyokuwa zikiandikwa. Akachukua kadi mpya.

Mteremko wa Tehachapi aliufikia asubuhi saa tatu. Mbele yake, kama kwa makusudi, kulikuwa na lori tena, safari hii la nyasi za ng'ombe. Akakanyaga. Gari likashika kama mtu aliyeshikwa bega na rafiki, halikuvuta kushoto wala kulia. Akaachia, likaachia. Ile njia ya kokoto ilipita upande wake wa kulia, na alama za magurudumu ya mtu mwingine ndani yake. Aliipungia mkono.

Delmar alikuwa langoni, kofia yake ya klabu imebandikwa kichwani kama kizibo. Alitazama barabarani nyuma yake kutafuta gari la kubebea, hakuliona. Lavonne akamkabidhi chupa juu ya mlango.

"Mali yenu hii, shemeji. Nimeiosha."

Delmar aliipokea bila kucheka. Akaanza kazi yake. Alisimama hatua kumi, akatazama. Akapiga goti moja, kwa shida, akachungulia ndani ya rimu. Mapezi ya alumini yalimwangalia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafanya kile anachofanya siku zote, ambacho Lavonne alikijua na alikuwa anakingojea: akagonga dramu kwa pete yake. Dramu ya kweli inalia kama kengele. Hii ikatoa sauti ya kopo.

Watu watatu waliokuwa langoni wakasogea. Delmar akabaki ameinama.

"Shemeji," akasema pole pole, "hii ni nini?"

"Soma kadi," Lavonne akasema.

Delmar akainuka, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, maana watu wake hawaoni vizuri. Breki za mbele: diski, ndani ya makopo. Wajenzi: Harlan Pruitt, Lavonne Pruitt. Fundi wa diski: Chuy Arredondo. Aliposoma jina la pili alisimama, akalisoma tena.

Mmoja wa wale watatu akaguna kwamba diski ni diski, hata uivalishe joho. Mwingine akasema lakini haionekani. Yule wa kwanza akasema inasikika. Lavonne akawaacha wamalize. Aliwaambia hakuja kuficha kitu, angetaka kuficha asingeandika. Aliambiwa gari lionekane la hamsini na tatu na lije kwa magurudumu yake. Limeonekana, limekuja. Wakisema aende nyuma atakwenda nyuma, lakini chupa hafungiwi, maana hakubebwa na mtu.

Delmar akavua miwani. Alipiga goti tena, akaweka kiganja chake chote juu ya lile kopo, akakiacha hapo. Wazee hawa wote wakishuka mlima wanapima magurudumu kwa kiganja. Ndiyo salamu yao. Alihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akanyanyuka, akavuka mpaka kwenye gari lake mwenyewe, la kijani, lililokuwa limefika dakika arobaini kabla, na akasogeza kiganja kwenye dramu yake. Akakirudisha haraka, akakipulizia.

"Zangu bado zinakaanga yai," akasema. "Na nimekanyaga uji kuanzia kona ya pili mpaka chini."

Akarudi langoni, akifuta kiganja kwenye suruali.

"Sheria tuliitunga mimi na Harlan kwenye meza ya jikoni kwao. Inasema macho. Masikio hatukuyaandika." Akasogeza kizuizi cha lango. "Nafasi ya tatu, shemeji. Unaijua."

Lavonne aliingia taratibu, akageuza, akarudi kinyumenyume kati ya magari mawili ambayo wenyewe waliyafuta tangu alfajiri, akasimama mstari mmoja nao, si mbele hata kwa kidole. Akazima mashine. Alikaa kidogo kabla ya kushuka, mikono kwenye usukani, shingo imenyooka, akiwaacha watu wamwangalie vizuri. Waliokuwa wamekaa wakasimama. Mzee mmoja wa mstari wa pili akavua kofia.

Mchana, nyama ya kuchoma ilipokuwa imeshagawiwa na maharage yamekwisha, Delmar alimjia akiwa ameshika chupa ya mafuta ya breki na bomba dogo la plastiki. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mafuta yake yalichemka kule mlimani, yameingia hewa, na kurudi nyumbani kwa breki zile hawezi. Akauliza kama shemeji angempa mguu wake nusu saa, kama alivyokuwa akimpa Harlan.

Lavonne akaweka sahani chini. Akapokea lile bomba la plastiki kutoka mkononi mwake, akakunja mikono ya shati, akatandika gunia kwenye nyasi karibu na gurudumu la gari la kijani.

"Panda juu wewe," akasema, akianza kulala chini, kiungo kimoja baada ya kingine. "Nikisema kanyaga, kanyaga."